Mistari Minne Niliyomwimbia Mbithe

Jumapili, tarehe 14 Septemba. Leo natimiza miezi kumi na minne tangu nitoke nyumbani.

Kalekye,

Kesho unaondoka kwenda Zombe kufundisha ngoma. Barua hii nampa Mutua, yule jirani yetu ninayekata naye mawe huku Pwani. Anasafiri jioni ya leo, na asubuhi atakuwa Kathonzweni kabla hujafunga begi. Nimemwambia akupe mkononi, asimpe mama yako. Mama yako ataisoma kwanza, atanihurumia, halafu atakwambia baba amechoka tu, usijali. Kweli nimechoka. Lakini anayeandika hapa si uchovu. Nina hasira, na hasira yenyewe ni juu yako.

Ningepiga simu. Ila kwa simu ungenijibu, na wewe ukinijibu mimi hushindwa, maana mdomo wako ni mwepesi kuliko wangu. Karatasi haijibu. Niliishia darasa la sita, kwa hiyo usihesabu makosa ya mwandiko, soma tu.

Mambo ya blanketi, chumba, na nani wa kumwamini na nani wa kumkimbia, mama yako ameshasema au atasema. Mimi hapo sina neno. Neno langu ni ile video.

Uliituma wiki mbili zilizopita, ile ngoma ya Nunguni. Tulikuwa tumekaa kwenye kivuli cha lori tukila, nikawaonyesha wenzangu. Nikasema, "Huyu ni msichana wangu, tazameni." Umesimama katikati ya mistari miwili, wanaume huku, wanawake kule, filimbi mdomoni, mabega yanakwenda vizuri mpaka nikasahau mgongo unaniuma. Halafu yule baba wa koti la kijivu akakosea. Wenzake walikwenda kulia, yeye akaenda kushoto, akamgonga mama mmoja begani. Ukatoa filimbi, ukaimba bila kupoteza hata pigo moja:

Nani ameleta tingatinga uwanjani,
halina breki, na dereva amelala!

Watu wakavunjika mbavu. Wenzangu hapa pia. Mmoja akasema, "Mutinda, huyo mtoto ana mdomo! Mpelekeni bunge." Nami nilicheka, Kalekye. Nilijivuna hata. Nikairudisha nicheke tena, na mara ya pili nikamtazama yeye badala ya kukutazama wewe. Anacheka, sawa. Lakini mkono wa kushoto unashughulika na kifungo cha koti. Anafunga, anafungua, anafunga. Simu ikazunguka kuonyesha watu wengine, na iliporudi pale, hayupo. Mstari umesogea, nafasi yake imezibwa kama hakuwahi kuwepo. Wewe uko mbele unaruka.

Hukumwona akitoka. Na mimi ningekuwa mahali pako nisingemwona. Ndiyo maana nina hasira hivi.

Yule mwenyekiti wa kikundi cha Zombe alinipigia mwezi uliopita kuniomba ruhusa, kwa heshima zote. Akasema, "Mzee, tumesikia msichana wako ana mdomo. Watu wetu wamelala, tunataka mtu wa kuwachoma choma kidogo waamke." Nikamwambia sawa, kama mjinga. Siku hizi nikipasua mawe namsikia akisema choma choma. Hawakukuita kwa sababu ya miguu yako wala kwa subira yako. Wanaununua ule mdomo. Na huo mdomo ni wangu, ulitoka kwangu, kwa hiyo acha nikuambie ulikotoka.

Mimi nilifundishwa na Nzuki. Umelisikia jina hilo, watu wa Kathonzweni bado wanalitaja kama la mtu mkubwa. Alikuwa ngui, yule anayeanzisha wimbo na kuongoza miguu ya wote. Alikuwa akifundisha Jumamosi soko likiisha, kwenye ghala la zamani la pamba. Unajua kwetu ngui ana ruhusa ya kumtaja mtu katika wimbo, kumtaja jina na kosa lake, na aliyetajwa hana ruhusa ya kukasirika. Akikasirika anaitwa mtoto. Wazee walikitumia kibali hicho kwa wezi, kwa chifu mlafi, kwa mtu anayemwacha mama yake na njaa. Nzuki alikitumia kwa miguu. Ukikosea hatua, umeimbwa. Mimi aliniimba Jumamosi tatu mfululizo, ati nacheza kama mtu anayekanyaga siafu. Nilikuwa kijana mrefu, mikono mingi, sijui niiweke wapi. Niliporudi nyumbani nililala tumbo, nisimwone mtu.

Lakini hatimaye nilijua kucheza. Na miaka yote nimewaambia watu, wewe ukiwemo, kwamba Nzuki alinipiga kwa wimbo mpaka nikawa mchezaji. Nimelisema hilo mara nyingi, na ni uongo. Nimeugundua uongo wangu mwenyewe nikiwa na zaidi ya miaka hamsini, na nyundo mkononi.

Aliyenifundisha ni Mbithe. Alikuwa mwanamke aliyenizidi umri, ameolewa, anauza vikapu sokoni. Alikuwa akisimama mstari ulio mbele yangu. Nzuki akiniimba, Mbithe alikuwa akinitazama machoni na kusema chini chini, "Usimsikilize huyo. Sikiliza ngoma kubwa. Sasa. Sasa. Sasa." Alisema sasa mpaka mguu wangu ukasikia. Tena alikuwa na tabia moja ambayo sikuiona maana yake. Mtu mgeni akija ghalani husimama ukutani ameshika mkoba wake. Mbithe alikuwa akienda, anamsalimia, anauchukua ule mkoba na kuutundika msumarini pamoja na kikapu chake. Hakuna hotuba. Mtu ambaye mkoba wake umetundikwa hawezi kuondoka bila kuuomba, basi anabaki, na akibaki anacheza. Nusu ya watu wa lile ghala waliingizwa na Mbithe kwa namna hiyo. Sifa alichukua Nzuki.

Nzuki alipokufa, walinipa mimi filimbi. Sikwenda kumzika, kwa jinsi nilivyomchukia. Halafu Jumamosi iliyofuata nikasimama mahali pake na kufanya kila alichofanya. Hata namna ya kusafisha koo nilichukua yake.

Wakati ule tulikuwa wengi. Kulikuwa na fundi cherehani na mkewe, walimu wawili wa shule ya msingi, wale kina mama wa kanisa la mama yako waliokuwa wakipita nyuma ya ghala ili mchungaji asiwaone, na yule Mwislamu muuza mbuzi aliyekuwa haingii lakini akisimama mlangoni akipiga makofi mpaka mwisho. Mtu alikuwa akija na shida zake za wiki nzima, anazitoa jasho, anarudi nyumbani akiwa mtu wa kuongea naye. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi ya lile ghala. Mimi sikuijua. Nilidhani kazi yake ni kucheza vizuri.

Basi nikaanza kuchagua. Wanaojua niliwaweka mbele, wasiojua nyuma karibu na ukuta. Nikionyesha hatua ya wawili wawili nilimchukua mchezaji mzuri kuliko wote, kila mara, maana naye alinifanya nionekane mzuri. Wazuri wakaona, nao wakachukua wazuri. Hakuna aliyewaambia. Walifuata macho yangu. Baada ya miezi michache ungeweza kuchora mstari sakafuni: huku wanacheza, kule wanangoja. Na mimi nikaona ni maendeleo.

Mbithe wakati huo alikuwa ameugua. Alikaa hospitali Kitui muda mrefu, na aliporudi mguu wa kulia ulikuwa unachelewa. Sikuuliza ulikuwa na nini. Jumamosi ya kwanza aliyokuja, tulikuwa na wageni, watu wa kamati waliokuwa wakichagua vikundi vya mashindano. Nikamwona amesimama mstari wa mbele, mahali pake pa siku zote, na ule mguu unafika nyuma ya ngoma. Niliona aibu. Si aibu yake, yangu mimi, mbele ya wageni. Nikatoa filimbi.

Nayaandika maneno yenyewe mara hii moja tu. Kwa Kikamba yalikuwa makali zaidi.

Mbithe amerudi, mguu umebaki hospitali,
mmoja umefika leo, wa pili utafika kesho,
mwekeeni uji asubiri,
sisi tukienda kulala, wa pili bado njiani!

Wageni walicheka mpaka mmoja akashika ukuta. Mbithe alicheka kuliko wote. Akajipiga pajani, akasema, "Aka, huyu mtoto ataniua!" Nikaona nimefanya vizuri sana. Nikaurudia.

Na wewe ulikuwepo, Kalekye. Ulikuwa darasa la pili. Ulirudi nyumbani ukiosha sufuria na kuimba mistari yote minne bila kukosa neno. Nilikuwa mlangoni. Nilichosema ni, "Tena!" Ukaimba tena. Nikakupa kipande changu cha nyama. Ukitaka kujua ulisomea wapi yale ya Nunguni, ulisomea pale, na nyama ulipewa.

Wimbo ulitoka ghalani ukaenda sokoni. Wanawake wakingoja maji kwenye kioski waliuimba. Mbithe akivuka barabara na vikapu vyake, mtu anasema tu "wa pili bado njiani", na wengine wanamalizia. Alikuja Jumamosi moja zaidi, akasimama nyuma. Halafu hakuja. Nilipoambiwa, nikasema, "Asiyeweza utani akae kwake." Hayo ndiyo maneno yangu, niliyasema mbele ya watu.

Dada yake akaacha kuja. Halafu mke wa fundi akasema ana kunde za kuvuna. Halafu mwalimu mmoja akasema mgongo. Kila mmoja alikuja na sababu yake nzuri, moja baada ya nyingine, na mimi nikaziamini zote, maana zote zilikuwa za kweli kidogo. Hakuna hata mmoja aliyeniambia anaogopa kuwa wimbo unaofuata. Wageni waliokuja walisimama ukutani na mikoba yao mkononi, wakatazama, wakaenda. Misumari ilikuwa pale pale.

Tulibaki watano. Watano wazuri ajabu, nakuambia ukweli, hakuna kikundi Makueni kilichotufikia. Tulishinda mbuzi na kikombe. Na wale watano hawakusalimiana njiani. Kila mmoja alikuwa akimtazama mwenzake miguu akingoja ateleze, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyowafundisha kutazama. Mbuzi alichinjwa na kila mtu akabeba nyama yake akala kwake. Ndani ya mwaka hapakuwa na watano wala watatu. Mchungaji wa mama yako alihubiri miaka na miaka kuifunga ile ngoma, akashindwa. Mimi niliifunga kwa mistari minne. Leo lile ghala linawekwa ndengu.

Mwaka juzi, kabla sijaja huku, nilikwenda kumtafuta Mbithe. Nilimkuta mtoni, kwenye shimo la mchanga, akichota maji kwa kibuyu kidogo na kumimina kwenye mtungi. Fimbo yake imelazwa pembeni. Hakunitazama.

"Karibu, ngui," akasema. "Umekuja kunihesabia miguu? Yote iko hapa leo."

Nikamwambia, "Dada, nimekuja tuongee ule wimbo."

"Wimbo gani? Umenitungia mwingine?"

"Nilikosa. Nilidhani unafurahi. Ulicheka kutuzidi wote."

Hapo akaweka kibuyu chini. "Wee Mutinda, wewe ni mjinga au unajifanya? Nilicheka ndiyo uishe. Ningelia ungeongeza mstari wa tano."

Ni kweli. Ningeuongeza. Ninaujua hata ungekuwaje.

Akaendelea, na sauti yake haikupanda. "Hospitali waliniambia nitembee, nicheze, nisikae. Waliniambia ukikaa huo mguu unakufa. Nikawaambia msiwe na wasiwasi, mimi nina mahali pa kucheza. Sasa tazama." Akavuta leso kidogo nikauona mguu. Ni mwembamba kama mkono wangu. "Hukuniuliza hata siku moja, Mutinda. Miaka yote ile nilikutengenezea wewe miguu, na wewe wangu hukuuliza."

Nikamwomba anisamehe. Nilipiga magoti pale mchangani, mimi mzee mzima.

"Simama, unachafua maji," akasema. "Msamaha sina. Nilikuwa nao zamani, nikakungoja nikupe, hukuja. Sasa umeisha. Niinulie mtungi uende."

Nikamwinulia mtungi, nikaenda.

Kwa hiyo usiniandikie kwamba yule baba wa Nunguni alicheka. Najua alicheka. Usiniambie ni utani wa ngoma, kwamba hivyo ndivyo Wakamba wanavyofanya. Mimi ni Mkamba kabla yako. Usiniambie tena kwamba bila kuchomwa watu hawajifunzi. Nilikuwa nalisema hilo nikiwa na filimbi mdomoni, na aliyenifundisha amesimama mstari wa mbele, yule aliyeniambia sasa, sasa, sasa.

Sikukatazi kufundisha. Nilifikiria kukukataza, nikafikiria kumwambia mama yako afiche nauli, halafu nikaona aibu. Una kipaji ambacho sikuwa nacho. Lakini kule Zombe watakupa filimbi siku ya kwanza, na siku hiyo hiyo watu wote watakutazama macho yako yanakwenda wapi. Yakienda kwa wazuri, umekwisha wagawa. Watakufuata bila kujua wanakufuata. Ngoma ina afya au haina kutokana na yule mtu ambaye mwalimu anamwendea kwanza. Mimi nilichelewa kulielewa jambo hilo dogo, na mtu alilipa kwa mguu.

Siku moja utachoka, watu watakuwa wazito, mwenyekiti atakuwa amekaa pembeni akitaka kikombe, na ule mstari mtamu utakuja wenyewe kwenye ulimi. Utakuwa mtamu, nakuambia. Wangu bado ni mtamu hadi leo, na nauchukia. Umeze. Utakukwaruza kooni. Umeze tu.

Kitu kimoja nakuagiza, na hiki si ombi. Usiende Zombe kesho. Nenda Nunguni kwanza. Najua Nunguni si njia ya Zombe, ni upande mwingine kabisa, na najua wanakungoja. Acha wakungoje siku moja. Mtafute yule baba wa koti la kijivu. Simjui jina, na ninavyokujua wewe, nawe humjui. Unajua lile ulilompa tu. Usimwombe radhi mbele ya watu, maana hilo nalo litakuwa onyesho lako jingine. Mfuate kazini kwake au shambani. Mwambie wewe ni nani, muulize jina lake, halafu muulize ule upande wa kushoto alikuwa anausikiaje. Labda ana sikio lisilosikia. Labda ana mguu. Labda alikuwa mgeni tu na hakuna aliyemwonyesha. Wewe uulize, kisha nyamaza, umsikilize mpaka amalize. Kama atakufukuza, ufukuzwe. Una miaka ishirini na mbili, wewe unaweza kumkuta bado anao huo msamaha. Mimi nilikwenda wakati umeisha.

Mama yako atasema nimekuwa mkali na mtoto anaondoka nyumbani. Mwambie ndiyo. Una jina la mama yangu na nimekuita mwaitu, mama, tangu uzaliwe, na sijawahi kukupandishia sauti. Ukali wote niliutumia kwa watu wengine, na hao hawakustahili. Huu mmoja uliobaki ni wako.

Machimbo yanafungwa katikati ya mwezi wa kumi na mbili. Sitapitia nyumbani kwanza. Jumamosi ya kwanza baada ya kufungwa nitakuwa Zombe, soko likiisha, na sitakuambia niko nje. Nitasikiliza kupitia dirishani. Nikisikia jina la mtu linaimbwa na watu wanacheka, nitageuka nirudi barabarani, na mama yako nitamwambia sikukupata. Nisiposikia, nitaingia nisimame mstari wa nyuma. Magoti yangu yameharibika kwa haya mawe, mwaitu, kwa hiyo mimi ndiye nitakayecheza vibaya kuliko wote humo ndani. Nitangoja nione utakuja kwa nani kwanza.

Baba yako,
Mutinda